Tukisema Saratani, Tunasema Nini?

Ndugu wasikilizaji, mada niliyopewa ni istilahi za tiba kwa jumla, lakini kwa ruhusa yenu nitabaki kwenye saratani peke yake, kwa kuwa hapo ndipo neno lisiloeleweka humgharimu mgonjwa muda ambao hana. Jina lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu na maana yake ni kaa, yule wa pwani. Ndiyo maana wanajimu wetu nao wana nyota ya Saratani. Kwa maelezo mepesi, saratani ni hali ya chembe hai za mwili kuzaliana bila kujizuia, zikavamia sehemu za jirani na hata kuhamia viungo vya mbali.

Kuvamia na kuhama ndiko kunakoitofautisha saratani na uvimbe wa kawaida. Faibroidi katika mfuko wa uzazi yaweza kukua ikalingana na kichwa cha mtoto mchanga isiwe saratani, ilhali saratani ya damu kwa kawaida haina donge la kushikika. Kwa hiyo daktari hukata kinyama kidogo kikatazamwe kwa hadubini, na kipimo hicho ndicho biopsi. Wapo wanaokikataa wakisema kwamba kisu huuchokoza uvimbe ukasambaa. Hatari hiyo ni ndogo mno, na bila kipimo hicho mara nyingi daktari hawezi kujua anatibu nini.

Neno linalonisumbua kuliko yote ni "hatua". Katika mazungumzo yetu, mtu aliyepiga hatua amefanikiwa. Nilipata kumsikia kijana akiwapigia simu ndugu zake, akiwaeleza kwa furaha kwamba mama amefika hatua ya tatu, akidhani kuwa imebaki moja tu amalize dozi. Kumbe hatua hapa hupima ugonjwa umefika wapi, wala haihesabu matibabu. Katika hatua ya kwanza saratani ni ndogo na bado ipo pale ilipoanzia; katika ya pili na ya tatu imekua au imeingia kwenye tezi za jirani; katika ya nne imehamia mbali, kwa mfano kutoka kwenye titi hadi kwenye ini, na hata hapo madaktari wataendelea kuiita saratani ya titi na kuitibu hivyo. Kuna pia "daraja", ambalo ni jambo lingine kabisa: linaeleza jinsi chembe zinavyoonekana chini ya hadubini na ukali unaotarajiwa, hivyo mgonjwa aweza kuwa hatua ya kwanza, daraja la tatu. Mimi ningependa tuseme "kiwango cha kuenea" na kuachana na hatua, ingawa najua nimechelewa.

"Majibu chanya" nayo yana mtego huohuo: kilichotafutwa kimeonekana, na si jambo la kupongezana.

Tukija kwenye saratani ya mlango wa kizazi, tatizo ni neno "kizazi", ambalo kwetu ni mfuko wa uzazi, ni uwezo wa kuzaa, na ni watu wa rika moja. Mlango huo ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, na saratani yake karibu yote husababishwa na virusi vya papiloma. Mwaka 2018 Tanzania ilipoanza kutoa chanjo nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, wengi waliifupisha wakaiita chanjo ya kizazi. Je, tushangae kwamba uvumi wa kufunga kizazi ulipata pa kushika?

Nimeiacha mwisho "tiba shufaa", maana wagonjwa wengi huisikia wakaanza kuaga. Shufaa, kwa aliyekaa madrasa, ni maombezi ya Siku ya Kiyama. Shifaa ndiyo uponyaji. Lakini tiba hii ni ya kuondoa maumivu, kichefuchefu, hofu na upweke, na yafaa ianze mapema, sambamba na upasuaji au mionzi. Kampala, tangu mwaka 1993, shirika lililoasisiwa na daktari Anne Merriman limekuwa likiwapa wagonjwa morifini ya maji ya kunywa wakiwa majumbani mwao, na wapo kati yao ambao bado wanaendelea na matibabu ya saratani yenyewe.