Waacheni Waachane

Asanteni, kaeni. Walionisikiliza huko nyuma wanajua ninakoelekea, na naona wengine wameshaanza kutabasamu. Nitalisema tena tu, kwa sababu skripti ninazoletewa zina ugonjwa uleule. Marafiki wanamaliza sekondari, wanakumbatiana, wanalia, kila mmoja anaahidi kwenda zake. Ukifika sehemu ya nne wote wamejaa sebule moja, wanakula pamoja na kugombania wapenzi walewale. Sasa kile kilio cha mwanzo kilikuwa cha nini?

Mfano wangu ni msimu wa tano wa Dawson's Creek, tamthilia ya Marekani juu ya kundi la vijana marafiki, ulioanza kuonyeshwa huko Oktoba 2001 kupitia kituo cha televisheni cha The WB, sehemu 23. Sitaeleza mengi juu ya wahusika: Dawson na msichana Joey ni marafiki tangu utotoni, na Pacey, Jen na Jack ni wenzao wa kundi lilelile. Mmeitazama, na ambaye hajaitazama atafuata tu. Nimeuchagua huo kwa sababu waandishi wake walithubutu kwanza, kisha wakarudi nyuma, na mahali waliporudi nyuma panaonekana wazi kabisa.

Tazameni walivyouanza. Misimu minne vijana hawa wameishi Capeside, mji mdogo wa kubuniwa wa pwani ya Massachusetts, ambapo kijana anapanda ngazi na kuingia kwa rafiki yake kupitia dirishani. Kisha Dawson anapelekwa Los Angeles kusomea filamu katika Chuo Kikuu cha Southern California, USC. Joey anabaki Boston, katika chuo cha kubuni kiitwacho Worthington. Kati yao kuna zaidi ya kilomita 4,000, yaani bara zima la Marekani, pwani hadi pwani. Kila mwandishi aliye humu ndani anapaswa kuona utajiri uliolala hapo! Watu wawili ambao tangu utotoni kila jambo wamelimaliza kwa kuongea uso kwa uso, sasa hawana uso huo. Mmoja akiaibika kazini, mwenzake hayupo kumfariji. Mmoja akibadilika, mwenzake hakuyaona mabadiliko yakitokea. Hiyo ndiyo hadithi ya chuo. Masomo ni sehemu yake ndogo. Kubwa ni kwamba kwa mara ya kwanza unakuwa mtu ambaye marafiki zako wa zamani hawakuhusika kumtengeneza.

Na ilidumu kwa muda gani? Sehemu mbili, tatu. Dawson anafukuzwa kazi aliyopewa ya kumsaidia muongozaji, anakuja Boston, anaamua kuacha chuo. Anagombana na baba yake, Mitch, ambaye hakubali kuona kijana akiitupa ndoto yake kirahisi hivyo. Halafu usiku Mitch yuko kwenye gari, anaimba pamoja na redio, aiskrimu mkononi. Inamponyoka. Anainama kuiokota. Taa za gari jingine zinajaa kwenye kioo.

Nataka tukae hapa kidogo. Kuna watu wanaicheka ile aiskrimu, na mimi kicheko hicho sikikubali. Ile ni moja ya sehemu zilizoandikwa kwa ukweli mkubwa katika tamthilia nzima. Mtu anakufa akiwa na furaha ndogo ya kawaida, bila onyo, bila neno la mwisho, na mazungumzo ya mwisho na mwanawe yalikuwa ugomvi. Sehemu inayofuata, ya msiba, nayo ni nzuri: kila mtu anatafuta kosa lake ndani ya kifo kile. Dawson anahesabu, kama nisingerudi, kama nisingeacha chuo, baba angekuwa nyumbani. Ndivyo majonzi yanavyofanya hesabu zake, na waandishi walilijua hilo. Hata baadaye, kijana anaposhikwa na hofu ya ghafla hadi pumzi zinamwishia, na hatimaye anakubali kwenda kwa mtaalamu wa ushauri, hakuna uongo pale. Mwaka 2001, kumwonyesha kijana wa kiume aliyefiwa akiomba msaada ilikuwa kazi ya maana.

Kwa hiyo sisemi kifo kile kiliandikwa vibaya. Nasema kilipewa kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa msiba. Ya pili ilikuwa nauli ya kumrudisha Dawson upande wa pili wa bara. Baada ya kumzika baba yake harudi Los Angeles. Anakaa karibu na mama yake, na muda si mrefu ni mtu wa Boston, ana uhusiano na Jen, kundi limetimia. Hata bibi yake Jen ameshahamia Boston! Jack yupo. Pacey, aliyeondoka mwisho wa msimu wa nne kufanya kazi kwenye jahazi la kifahari baharini, naye ametia nanga hapohapo Boston. Capeside imehamishwa na watu wake wote, imebadilishwa jina tu.

Mtaniambia, mwalimu, wahusika wasipokutana hakuna tamthilia. Nimelisikia hilo mara nyingi mno, na siku zote huletwa kama sheria ya maumbile. Waandishi wa Beverly Hills, 90210, tamthilia nyingine ya vijana ya Marekani, walilitii mwaka 1993: walipowamaliza vijana wao sekondari walibuni chuo kizima, California University, ili waingie karibu wote pamoja. Msichana mmoja tu, Brenda, akapelekwa Minnesota, na hata kiti hakijapata joto akawa amerudi. Nani alifaidika? Mtazamaji aliyetaka kujua msichana yule anaishije mbali na Brandon, pacha wake, hakupewa chochote.

Jibu la pingamizi hilo limo ndani ya msimu huuhuu, ndiyo maana naupenda na unaniudhi kwa pamoja. Kuna sehemu iitwayo "Downtown Crossing". Katika kundi lote la wahusika wakuu yumo Joey peke yake. Usiku, mashine ya kutolea pesa, mtu anamwibia. Muda mfupi baadaye mwizi yule anagongwa na gari, na Joey, ambaye angeweza kuondoka zake, anabaki. Hospitalini anakutana na mke wa mtu yule na mtoto wake wa kike. Basi. Hakuna Dawson wa kumpigia simu na kumaliza mambo, hakuna Pacey wa kutokea mlangoni. Na tunamjua Joey zaidi ndani ya usiku ule mmoja kuliko ndani ya ugomvi wote wa mapenzi wa mwaka mzima, kwa sababu analazimika kuamua bila shahidi. Marafiki zake wapo, lakini wapo ndani yake, kama mazoea na kama maswali. Waandishi waliokuwa na uwezo wa kuandika saa ile hawakuhitaji kumuua mtu ili kulijaza kochi.

Na wala msiniambie watazamaji wasingevumilia. Felicity, tamthilia ya kituo kilekile cha The WB, ilimtoa msichana California ikampeleka New York mahali asipojulikana, ikamfuata miaka minne, kila msimu mwaka mmoja wa chuo. Watazamaji walivumilia.

Naambiwa muda unakwenda. Nilikuwa na mengi juu ya Pacey, nitasema haraka: yeye hasomi chuo, anaingia jikoni mwa mgahawa chini ya mpishi anayemdai ubora, na ndiye pekee katika msimu huu ambaye tunamwona akijifunza kitu kwa mikono yake, akikosea na kurudia. Wenzake wana vitabu, lakini hatuwaoni wakivisoma. Juu ya Profesa Wilder na Joey nitasema sentensi moja: mwalimu anayembusu mwanafunzi wake ana mamlaka juu ya alama zake, na msimu ulilipita jambo hilo kama mvuto wa kawaida. Jack na udugu wake wa chuoni, yaani chama cha wanafunzi wa kiume alichojiunga nacho, tutauzungumza siku nyingine, unastahili saa yake.

Ila hili mlibebe. Msimu unaishaje? Uwanja wa ndege. Dawson anarudi Los Angeles! Safari yote ya kumrudisha Boston, kifo, uhusiano na Jen, miezi ya kuzunguka bila chuo, halafu anapandishwa ndege kurudi palepale alipokuwa Oktoba. Waandishi wenyewe walikubali kwamba hadithi yake ilikuwa kule. Walichotunyima ni miezi iliyo katikati: kijana aliyefiwa na baba, chumbani peke yake, mji asiojua mtu, darasa asubuhi, na rafiki yake mkubwa akiwa sauti tu kwenye simu.

Wanaoniletea skripti wiki ijayo, sitaanza ukurasa wa kwanza. Nionyesheni kurasa kumi mfululizo ambamo marafiki hao hawako mji mmoja, hakuna aliyekufa na hakuna aliyefukuzwa. Nitaanza kusoma hapo. Maswali?