Mtihani wa Muziki Usio na Sikio

(Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya walimu wa muziki wa sekondari, walimu wa kwaya na wazazi)

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Historia ya somo letu sitaisimulia. Mliomo humu ndani mnajua shule zinazofundisha muziki mpaka kidato cha nne ni za kuhesabika, na mnajua vita vya kugombea vipindi kwenye ratiba. Naingia moja kwa moja kwenye jambo ambalo baadhi yenu mmenisikia nikilisema mpaka mmelichoka. Nalisema tena kwa sababu bado liko palepale: tunawafikisha vijana mwisho wa sekondari wakijua kuandika habari za muziki, na mara nyingi hatuwapimi kama wanausikia.

Shule moja hapa mkoani iliniomba nikasaidie kusahihisha mtihani wa moko, ule wa majaribio, wa kidato cha nne. Shule siitaji. Karatasi zilikuwa safi kabisa. Swali la kutaja umbali kati ya noti mbili zilizochorwa kwenye mistari mitano, karibu darasa zima limepata. Swali la kueleza maana ya modulesheni, yaani wimbo kuhama kutoka ufunguo mmoja kwenda mwingine, limejibiwa neno kwa neno kama lilivyo kwenye daftari. Nikamwomba mwalimu wao ruhusa, nikakaa kwenye kinanda chao, nikapiga noti mbilimbili, zilezile walizozitaja kwenye karatasi. Kimya. Wachache wakabahatisha. Vijana hawa wamesoma muziki miaka minne, na noti walizozitambua kwa macho jana yake, leo masikio yao hayazijui.

Karibu na dirisha alikuwepo binti mmoja ambaye karatasi yake ilikuwa na alama za chini kuliko karibu wote. Swali la kuandika wimbo mfupi alikuwa amelijibu kwa solfa, yaani zile doh, ray, me kwa herufi na nukta mbili, kama wanavyoandika kwenye kwaya, na msahihishaji wa kwanza alikuwa ameipiga mstari mwekundu kwa sababu swali lilitaka mistari mitano. Nikaimba wimbo wa vipimo vinne niliotunga palepale. Nikamwambia, mwanangu, nirudishie. Akaurudisha kwa silabi, doh, me, soh, bila kusitasita, mkono wake ukipiga mapigo kwenye dawati. Alipofika kipimo cha tatu akasimama kidogo, akasema, “Mwalimu, hapo si fah, ni fe. Doh imehamia kwenye soh.” Nikaurudia wimbo kutoka mwanzo, naye akaingia na sauti ya pili chini yangu, na pale kwenye fe akaipisha sauti yangu vizuri bila kuambiwa na mtu.

Walimu, hiyo ndiyo modulesheni! Ile ile ambayo wenzake walikuwa wamekariri maana yake. Huyu ameisikia, ameitaja na ameiimbia sauti ya pili, na kwenye orodha ya matokeo iliyobandikwa ukutani yuko karibu na mwisho. Nilikasirika siku ile na bado nina hasira, maana kila shule ninayopita namkuta binti wa namna ile. Ametoka kwenye kwaya ya Machame, au Marangu, au Kibosho, amelelewa kwenye sauti nne tangu utotoni, na sisi tunamwambia hajui muziki.

Najua kuna mwalimu hapa anasema moyoni: basi unataka tuache noti, watoto wabaki na solfa za kanisani, na wakifika chuo kikuu waaibike. Sijasema hivyo popote. Mistari mitano ifundishwe, na ifundishwe vizuri. Ila tuangalie solfa yenyewe imetoka wapi. Sarah Glover aliianzisha kule Norwich, Uingereza, na John Curwen akaichukua katika miaka ya 1840 akaiboresha na kuieneza, na mwanzoni Curwen aliikusudia iwe ngazi ya kumpandisha mwimbaji hadi kwenye mistari mitano. Sauti kwanza, halafu silabi, halafu alama. Wamisionari wakaileta huku, wazee wetu wakaishika kuliko walioileta. Kwa hiyo mtoto wa Kilimanjaro anakuja shuleni akiwa ameshapanda nusu ya ngazi, nasi tunamshusha chini, tunamwanzisha na kuchora ufunguo wa G ubaoni. Yule binti alihitaji mtu wa kumwonyesha kwamba ile fe aliyoisikia huandikwa kwa alama ya kupandisha nusu toni mbele ya noti ya nne. Kwa mtoto mwenye sikio hilo ni somo la kipindi kimoja.

Kuna wanaosema pia kwamba sikio halipimiki, kwamba ni kipaji. Mimi nawaambia vukeni mpaka pale Holili mkaulize. Wakenya kwenye KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, wana karatasi tatu za muziki: ya kwanza ni ya vitendo, mtahiniwa anaimba au anapiga chombo mbele ya mtahini, ya pili ni ya kusikiliza, anaandika mdundo na wimbo anaousikia, anatambua kadensi, yaani namna fungu la wimbo linavyofungwa, ya tatu ndiyo ya nadharia, historia na uchambuzi. Wamefanya hivyo miaka na miaka kwa watoto wa vijijini kama wetu. Na wale wa diploma ya kimataifa, IB, katika mtaala uliotahiniwa kwa mara ya kwanza 2022 waliondoa kabisa mtihani wa ukumbini kwa somo la muziki. Mwanafunzi anakusanya kazi, anarekodi, anatunga, anaeleza alichofanya. Njia hizi mbili ni tofauti sana, na zote zinamsikiliza mtoto kabla ya kumpa alama.

Sasa nije kwa wenzetu wa Arusha, maana nyie mna shida nyingine na ni kubwa zaidi. Kijana wa Kiarusha au wa Kimaasai anakuja na uimbaji ambao vitabu vyetu vya noti havijui wauweke wapi. Kuna anayeongoza, olaranyani, na kuna kundi linalomwitikia kwa sauti za kooni zinazojirudia na kushikana. Mwalimu anafungua mwongozo wa kusahihisha: usahihi wa noti, alama kadhaa, kufuata mapigo, kadhaa, matamshi, kadhaa. Anampa nusu, maana hajui alichokisikia. Mimi nauliza maswali mengine. Je, kiongozi ameanzisha kwenye sauti ambayo kundi linaweza kuishika? Wenzake wakilegea, anawarudishaje? Maneno anayabadilisha kulingana na waliopo, au amekariri mistari miwili tu? Yule wa sauti ya chini anaushikilia mrudio wake wenzake wakipanda? Haya yote yanasikika, na yote yanaweza kuandikiwa alama. Kaeni na wazee wanaoimba, waulizeni kipi kinamfanya huyu awe kiongozi na yule asiwe. Watawajibu bila kufikiri mara mbili.

Na kinanda kisiwe hakimu wa kila sauti. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha chuo cha sanaa Bagamoyo na kuupeleka duniani muziki wa zeze ya nyuzi na ilimba ya vibao vya chuma, aliimba kwenye ngazi ya Kigogo inayofuata sauti za asili za uzi unapotetema. Sauti ya saba katika mfuatano ule iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Mtahini aliyezoea kinanda ataandika “ameimba nje ya sauti”, na mtoto atakuwa ameimba sawasawa kabisa kama babu yake. Mtoto wa Kigogo akihamia Arusha akaimba mbele yako, utamwandikia nini? Mwalimu asiyeweza kulijibu swali hilo asishike kalamu nyekundu kwanza.

Upendeleo, ndiyo, nimelisikia hilo. Mwalimu atampendelea mwanakwaya wake. Basi tusimwachie peke yake. Simu ya mkononi inatosha: mtoto anaimba, anarekodiwa, namba badala ya jina, rekodi moja inasikilizwa na walimu wawili wa shule tofauti, kila mtu na karatasi yake, na wakipishana sana anaitwa wa tatu. Vifaa vingine sivihitaji. Shule isiyo na kinanda ina koo za wanafunzi na ina ngoma.

Naona naonyeshwa saa. Nilikusudia kusema mengi juu ya utungaji, nitasema hili moja: kijana wa kidato cha sita ambaye hajawahi kusikia wimbo alioutunga mwenyewe ukiimbwa na wenzake, hajafundishwa kutunga. Kuhusu walimu, chuo kikuu cha Makumira kiko hapa Usa River na kinatoa shahada ya muziki. Walimu wa kwaya mlio na vyeti vya kuingilia, nendeni. Na wazazi mnaouliza ajira, tutaongea nje, maana nina mengi.

La haraka zaidi ni hili. Toleo la 2023 la sera ya elimu limefungua mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi, na tahasusi mpya za kidato cha tano na sita zilizotangazwa 2024 zina kundi la sanaa. Walioingia kidato cha kwanza 2024 wanafika kidato cha nne 2027. Namna ya kuwapima vijana hawa inaweza kutengenezwa na watu ambao hawajawahi kusimama mbele ya kwaya, tusipofika tukiwa na kitu mkononi. Kwa hiyo naomba kila shule iliyopo hapa, kabla ya moko ijayo, irekodi wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho: wimbo mmoja wa kwao, wimbo mmoja wa kusoma papo hapo kwa solfa au kwa mistari, na zoezi moja la kurudisha wanachosikia. Moshi wasahihishe za Arusha, Arusha wasahihishe za Moshi. Tukae tena, tuzisikilize kwa pamoja, tubishane alama, na tuandike mwongozo wetu wenyewe wa kupeleka kwa wanaohusika.

Mwalimu wa Arusha umenyoosha mkono tangu nilipomtaja olaranyani. Karibu, sema.