Rattlers wa 1978: Ubingwa Ulioanzia Kwenye Rufaa

Mabibi na mabwana, karibuni. Leo tutazungumzia timu moja tu ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi: Rattlers wa Florida A&M, chuo cha Wamarekani Weusi kilichoanzishwa mwaka 1887 mjini Tallahassee. Tarehe 16 Desemba 1978, mjini Wichita Falls, Texas, Rattlers waliifunga Massachusetts 35 kwa 28 wakatwaa ubingwa wa kwanza kabisa wa Daraja la I-AA la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Daraja hilo sasa linaitwa FCS. Mpaka leo hakuna chuo kingine cha Weusi kilicholitwaa taji hilo. Watu wakitafuta sababu hukimbilia kwenye vipaji. Mimi nitawaomba mtazame pia kalenda na pesa.

Tuanze na makaratasi, maana taji hili lilipiganiwa ofisini kabla ya uwanjani. Mwaka 1978 NCAA iliigawa futiboli ya Daraja la Kwanza mafungu mawili, I-A kwa programu kubwa na I-AA kwa zilizofuata. Florida A&M walikuwa bado katika ligi ya SIAC, ambayo ni ya Daraja la Pili. Msimu wa 1977 walikuwa wameumaliza bila kupoteza mchezo, 11 kwa 0, na chuo kikaomba kupandishwa. Msimu wa 1978 wakashinda michezo 10 na kupoteza mmoja, mbele ya Tennessee State. Kwa rekodi hiyo wakaomba kuingia mtoano wa I-AA, na ombi likakataliwa. Kocha Rudy Hubbard na mkurugenzi wa michezo Hansel Tookes wakakata rufaa, wakashinda. Rufaa hiyo isingefunguliwa, leo tungekuwa tunazungumza habari za timu nyingine.

Mtoano wenyewe ulikuwa mfupi: timu nne, nusu fainali na fainali, basi. Na katika hizo nne, mbili zilikuwa za vyuo vya Weusi, zikapangwa pamoja. Rattlers walisafiri hadi Mississippi wakaitoa Jackson State 15 kwa 10. Upande wa pili Massachusetts waliitoa Nevada.

Sasa uwanjani. Kwa wasioujua mchezo huu: timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, ikifaulu, inapewa mengine manne. Gawanya 10 kwa 4, unapata yadi mbili na nusu kila jaribio. Hicho ndicho kima cha chini cha kuishi. Siku ya fainali Rattlers walikimbiza mpira, yaani waliubeba wakikimbia badala ya kuurusha, yadi 470. Mkimbiaji Mike Solomon peke yake alibeba mpira mara 27 akapata yadi 207, wastani wa zaidi ya yadi saba na nusu. Maana yake, akipewa mpira mara mbili mfululizo, kwa wastani majaribio manne mapya yamepatikana. Na zilizobaki, yadi 263, zilitoka miguuni mwa wenzake, kwa hiyo hata ulinzi ungeamua kumkaba yeye tu, bado kulikuwa na pa kupitia.

Ukitaka kujua yadi hizo zinatoka wapi, usimwangalie mwenye mpira. Waangalie watu watano wa mstari wa mbele. Mmoja wao alikuwa Tyrone McGriff, aliyecheza kama gadi, yaani pembeni mwa anayeanzisha mpira katikati. Kazi ya gadi ni hatua ya kwanza: mguu wa upande anakokwenda utangulie, makalio yabaki chini, mikono igonge kifua cha mpinzani kabla ya yake kukugonga. Akisimama wima mapema, anasukumwa nyuma, anamwangukia mkimbiaji wake mwenyewe, na mchezo umekufa kabla haujaanza. Kosa hilo halionekani kwenye takwimu. Litaandikwa kwamba mkimbiaji kapata yadi sifuri. McGriff aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa futiboli ya vyuo mwaka 1996, heshima ambayo watu wa nafasi yake huipata kwa shida.

Mchezo uliotamba vyuoni miaka ile ulikuwa opsheni. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, anamwacha beki mmoja bila kuzuiwa, makusudi. Anaweka mpira tumboni mwa mkimbiaji wa kwanza bila kuuachia, macho yakiwa kwa yule beki. Beki akimfuata mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa mpira na kukimbia pembeni. Beki akibaki nje, anauachia. Beki mmoja asiyezuiwa amegeuzwa kuwa beki asiye na kazi, na mstari wa mbele umepata mtu wa ziada wa kumzuia mwingine. Hatari iko pale tumboni, kwenye ile nusu sekunde ya kuamua. Mkimbiaji akiubana mpira mapema huku mwenzake akiuvuta, unadondoka. Dawa ni kurudia zoezi hilo mpaka mikono isiulize.

Kukimbiza mpira kuna faida nyingine. Pasi isiyodakwa husimamisha saa. Mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja, kwa kawaida saa inaendelea. Timu iliyoruhusu pointi 28 ilihitaji sana dakika hizo.

Je, walibahatisha? Oktoba 1979 walicheza na Chuo Kikuu cha Miami, timu ya daraja la juu, wakawafunga 16 kwa 13. Na mizizi ilikuwa ya zamani. Kocha Jake Gaither aliifundisha timu hii kuanzia 1945 hadi 1969 akaacha ushindi wa mara 203. Mchezaji wake Bob Hayes ndiye aliyeshinda dhahabu ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Tokyo 1964. Lakini Hayes alisoma pale wakati vyuo vikubwa vya Wazungu wa Kusini havikuwa vikimtaka kijana mweusi kama yeye. Milango ilipofunguliwa, vyuo hivyo vilikuja na bajeti zao kuwachukua vijana kama hao. Hilo sikatai, na liliuma.

Lakini turudi kwenye kalenda. Mtoano wa timu nne ulidai ushindi mara mbili. Leo timu ni 24, na bingwa hucheza michezo minne au mitano ya ziada, kwa hiyo kikosi kisicho na wachezaji wa akiba huishiwa nguvu njiani. Tena mtoano huanza wikiendi ya Thanksgiving, sikukuu ya Marekani ya mwishoni mwa Novemba, wakati Grambling na Southern, vyuo viwili vya Weusi, wanacheza Bayou Classic mjini New Orleans, mchezo unaojaza jukwaa na hoteli. Baadaye ligi yao, SWAC, ina fainali yake Desemba. Mapato ya mechi za mtoano yako chini ya NCAA. Ya mechi hizi yako chini ya wenyewe. Ningekuwa mhasibu wa chuo, nami ningechagua hivyo hivyo.

Tangu 2015 bingwa wa SWAC hukutana Atlanta na bingwa wa ligi ya MEAC, nayo ya vyuo vya Weusi, katika Celebration Bowl. Florida A&M, ambao sasa wako SWAC, walishinda mechi hiyo tarehe 16 Desemba 2023, miaka 45 kamili baada ya Wichita Falls, kwa kuifunga Howard 30 kwa 26. Rekodi yao ilikuwa 12 kwa 1, sawasawa na ya 1978. Siku hiyohiyo Montana walikuwa wanacheza nusu fainali ya mtoano wa FCS, na taji likaenda kwa South Dakota State Januari 2024. Ili bingwa wa SWAC awanie taji hilo, ligi ingelazimika kuisogeza Bayou Classic mapema Novemba, kufuta fainali yake na kuiacha Celebration Bowl ya Atlanta. Maswali sasa.