Usimwite mzigo

Kamwene, wazee wangu, kina mama na vijana. Njiani kuja hapa nimeulizwa tena: "Mwalimu, bado uko na lile neno lako, kwamba mgonjwa anayetunzwa si mzigo wala hadeki?" Bado niko nalo, na nitakuwa nalo mpaka tuache kumwita mgonjwa "mzigo".

Nianze na ng'ombe, maana hapa Njombe ng'ombe wa maziwa tunamjua. Yule wa mabaka meusi na meupe, ukimfungia bandani umejifunga na wewe. Alfajiri, baridi ya Juni inauma vidole, uko kwenye matete unakata. Maji ndoo baada ya ndoo. Unamwosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, unakamua, unafagia banda, na jioni unarudia. Usipomkamua vizuri, kiwele kinavimba. Ukizembea kumwogesha dawa, kupe wanamletea ndigana kali, na ndigana haingoji upate hela ya daktari wa mifugo. Umewahi kumsikia mfugaji akisema huyu ni mzigo? Hasemi! Anasema, "Huyu anataka matunzo." Na anasema kifua mbele.

Sasa toka bandani, ingia ndani. Mama yangu alipopata kiharusi tulikuwa tunamgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asipate vidonda vya kulalia. Uji kijiko kwa kijiko, ameegemezwa akae wima, usije ukampalia. Mgeni akaja kutupa pole, akasema mbele yake: "Jamani, mna mzigo." Mama kusema alikuwa hawezi. Kusikia alikuwa anasikia. Aligeuzia uso ukutani.

Najua yupo atakayesema: ng'ombe anatoa maziwa. Haya, mtoto mchanga anatoa nini? Analia usiku kucha, na bado tunasema analelewa. Wahenga hawakuficha ugumu wake: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Waliita kazi. Mwenye kazi huchoka, hupokewa zamu, hupewa pole. Mzigo watu huwaza tu wautue wapi.

Na wanaodeka kweli, je? Wapo. Mtu mzima, afya tele, anataka asifiwe kila saa na asipopokelewa simu ananuna wiki nzima. Huyo anadeka, mwambie anadeka. Lakini usimweke kapu moja na asiyeweza kujigeuza kitandani.

Nimalize na neno "kuangalia". Tunasema "niko nyumbani namwangalia mama", maana yake ninamtunza. Neno moja, la macho na la mikono. Sauti ya mama ilipomrudia kidogo, usiku mmoja aliniita: "Niangalie." Nikaenda kumgeuza. Akatikisa kichwa, hakutaka kugeuzwa. Basi nikakaa pembeni ya kitanda, nikamtazama, naye akanitazama, mpaka kukakucha.