Gitaa la Mtindo wa Selmer: Kabla Hujashusha Nyuzi, Tazama Daraja

BAKARI: Haya, karibuni tena kipindini. Mimi Bakari, mpiga ridhimu, na mwenzangu ni fundi Neema, leo kaja na gitaa la watu.

NEEMA: La mteja, na karuhusu tulizungumzie. Ni gitaa la mtindo wa Selmer, lile la jazi ya Wamanouche, yaani Waromani wa Ufaransa, la mpiga gitaa wao maarufu Django Reinhardt. La kiwandani, wala si la bei mbaya. Ana malalamiko mawili: halitoi sauti, na vidole vinamuuma.

BAKARI: Na dawa ameshajiandikia mwenyewe, nadhani. Nyuzi zishushwe, zikaribie shingo.

NEEMA: Wote waliotokea kwenye gitaa la umeme wanakuja na hiyo. Nikamwambia aliache kwanza, kwa sababu ukishusha nyuzi kwenye gitaa la namna hii umelinyamazisha. Utapata wepesi, sauti itakukimbia.

BAKARI: Hebu wasikilizaji waelewe gitaa lenyewe ni la aina gani, maana kuna watakaodhani ni gitaa la kawaida lenye tundu la ajabu.

NEEMA: Mwaka 1932 Mwitaliano Mario Maccaferri aliingia mkataba na kampuni ya Selmer ya Paris, hawa hawa watengenezaji wa saksafoni na klarineti, wakaanza kutoa magitaa. Mwenyewe hakukaa, 1933 akaondoka. Selmer wakaendelea hadi 1952, na kwa miaka yote hiyo yalikuwa kama elfu moja hivi. Ya mwanzo yana tundu kubwa lenye umbo la herufi D, ya baadaye yana tundu dogo la duaradufu. Django alipiga yote mawili. Lile lake namba 503 liko Musée de la Musique, Paris.

BAKARI: Maccaferri huyo huyo ndiye aliyekwenda Marekani akatajirika kwa vibanio vya nguo vya plastiki.

NEEMA: Na ukulele za plastiki! Alikuwa na kichwa yule mzee. Sasa, fikiria Paris ya miaka ile. Kumbi za dansi, akodioni zinanguruma, watu wanacheza, na gitaa halina spika. Lazima lisikike. Ubao wa juu ukafanywa mwembamba, umekunjwa kidogo nyuma ya daraja, kile kipande cha mti kinachobeba nyuzi, ili ustahimili, na ndani mna vijiti vya kukingama. Na uzi ni mrefu: kutoka freti sifuri, kile kijichuma cha mwanzo kabisa wa shingo, hadi daraja, yale ya tundu dogo yana milimita 670. Magitaa mengi ya umeme ya Fender yana 648.

BAKARI: Na daraja halikugundishwa.

NEEMA: Hapo ndipo penyewe. Daraja limekaa tu juu ya ubao, linashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi zinazopita juu yake kwenda kwenye mkia, kile chuma kilichofungwa mwishoni mwa gitaa. Kama fidla. Sauti yote inapita kwenye nyayo za daraja. Sasa chukua karatasi nyembamba, ipenyeze chini ya daraja la gitaa hili. Hapa upande wa nyuzi nyembamba.

BAKARI: Inaingia... inaingia mpaka katikati!

NEEMA: Umeona? Kiwandani wanachonga daraja nyayo zikiwa bapa, halafu wanaliweka juu ya ubao wenye mbinuko. Linagusa katikati tu. Huyu bwana anataka kununua gitaa jingine, kumbe nusu ya daraja lake inaelea hewani.

BAKARI: Dawa yake?

NEEMA: Msasa na subira. Unalegeza nyuzi na kulitoa daraja, ila kabla ya hapo weka alama mahali lilipokuwa kwa selotepu ya karatasi. Kisha bandika msasa namba 120 juu ya ubao, pale pale daraja linapokaa, upande unaokwaruza uangalie juu. Unalisugua daraja kwa mwendo mfupi kuelekea shingoni na mkiani, umelisimamisha wima, hulilazi. Ubao wenyewe unalichonga daraja lifuate mbinuko wake. Kabla hujaanza paka penseli kwenye nyayo; pale penseli isipofutika, pale hapajagusa. Ikifutika yote, malizia na msasa laini, 220 hivi.

BAKARI: Si linapungua urefu?

NEEMA: Linapungua, na wengi wanasahau hapo. Ukipunguza milimita 1 kwenye daraja, kwenye freti ya 12 nyuzi zinashuka nusu milimita. Kwa hiyo nyayo kwanza, urefu ndiyo unapimwa baadaye. Ukianza kwa kushusha halafu ukaja kusugua nyayo, utaishia kutafuta daraja jipya.

BAKARI: Kuna msikilizaji aliniuliza hili: tuko Tanzania, mpingo tunao. Kwa nini tusichonge daraja la mpingo?

NEEMA: Swali zuri sana, na Selmer wenyewe wanalijua vizuri jina la mti huo, maana klarineti zinatengenezwa kwa mpingo wa kwetu na Msumbiji. Lakini kwa daraja, hapana. Mpingo ukiutupa majini unazama. Daraja zito linameza mtetemo. Ubao mwembamba namna hii unashindwa kulisukuma. Unataka mti mgumu lakini mwepesi: roswudi ya India, au mjozi. Tena yale mazuri yamechimbwa kwa ndani, ukiligeuza unaona mtaro. Hili la huyu bwana ni pande zima, halina mtaro, na ukilipima mkononi unahisi. Nitamchongea jingine la roswudi.

BAKARI: Mpingo tuwaachie wapuliza klarineti.

NEEMA: Na wachonga vinyago. Tuje kwenye urefu wa nyuzi juu ya freti. Mimi naanzia milimita 3 chini ya uzi mnene wa E pale freti ya 12, na 2.5 kwa uzi mwembamba. Mpigaji mwepesi wa mkono ninaweza kumshushia kidogo. Nikimshushia sana, akipiga kwa nguvu nyuzi zitagonga freti, na muziki huu unapigwa kwa nguvu.

BAKARI: Sasa maumivu ya vidole yataishaje na nyuzi ziko juu hivyo?

NEEMA: Tazama amefunga nyuzi gani. Hizi ni za gitaa la kawaida la chuma, seti inayoanzia 12, yaani uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.012. Gitaa hili halikuundwa kwa mvuto huo, na kwa urefu wa milimita 670 mvuto unazidi zaidi. Ubao unaweza hata kubonyea. Zipo nyuzi zake maalumu, Argentine za Savarez ndizo zinazojulikana zaidi: chuma ndani, nje zimezungushiwa shaba iliyopakwa fedha. Seti ya 10 au ya 11. Mimi ningempa ya 10. Akishazifunga atashangaa, nyuzi ziko pale pale juu lakini zinabonyea kama hazipo.

BAKARI: Freti sifuri je? Naona kuna vijimtaro.

NEEMA: Macho unayo, kaka Bakari. Magitaa haya yana freti ya ziada pale mwanzo wa shingo, na nyuzi zimelala juu yake muda wote, kwa hiyo huliwa kabla ya nyingine. Dalili yake ni kwamba uzi ukiachwa wazi unalialia, ukibonyeza freti ya kwanza unatulia. Hiyo inabadilishwa tu. Shingo nayo tunaicheki. Selmer za asili hazikuwa na nondo ya kukaza, hizi za siku hizi nyingi zinayo.

BAKARI: Halafu daraja likirudi, litakaa wapi? Maana linatembea.

NEEMA: Lifuate sikio na mashine ya kutuni. Piga uzi kwa kuugusa tu juu ya freti ya 12, sauti ile ya kengele. Kisha ubonyeze hapo hapo. Ukibonyeza ukapanda juu kuliko kengele, sogeza daraja kuelekea mkiani. Ukishuka, lisogeze kuelekea shingoni. Yale mabawa mawili yaliyogundishwa pembeni mwa daraja, wanayaita masharubu, yasikutishe. Kuna magitaa yamegundishwa mahali pabaya. Lifuate sikio.

BAKARI: Na siku ya kubadilisha nyuzi?

NEEMA: Mmoja mmoja. Ukizitoa zote daraja linadondoka, kazi yote inaanza upya.

BAKARI: Unyevu nao. Mimi gitaa langu la Dar likienda Dodoma linakuwa mtu mwingine.

NEEMA: Ubao mwembamba unavimba kwenye unyevu, nyuzi zinapanda. Ukipanda bara kwenye ukavu unasinyaa, zinashuka. Ndiyo maana wapigaji wengine wana madaraja mawili ya urefu tofauti kwenye begi. Kwa watu wa pwani hilo nalihimiza kabisa.

BAKARI: Hujagusa risha, kile kidude cha kupigia nyuzi.

NEEMA: Nilikuwa nakusubiri wewe, wewe ndiye mpigaji.

BAKARI: Risha laini ya mtaani haifai, inapinda, nguvu inaishia kwenye plastiki. Huku wanatumia milimita 3, wengine hata 5. Wazee walipiga kwa ng'amba, lakini biashara ya ng'amba imepigwa marufuku kimataifa na kasa wenyewe wanaisha, tuachane nayo. Mimi nimechonga ya kifuu cha nazi, nikaisugua mpaka ikang'aa. Mkono nao usilale juu ya ubao. Kifundo kimepinda, mkono unaelea, risha inashuka kwenye uzi na kutua juu ya uzi unaofuata. Na kila ukihama uzi unaanza na pigo la kushuka. Anayepiga udi ataizoea haraka.

NEEMA: Na pigia wapi?

BAKARI: Katikati ya tundu na daraja. Watu wanapigia juu ya tundu, halafu wanalalamika gitaa ni bubu.

NEEMA: Basi huyu bwana nitamwambia aje na mkono wake pia, niurekebishe.

BAKARI: Hiyo unamletea mimi. Na la mwisho, ameuliza kama aweke pikapu, kile kinasa sauti, ya kubandika ndani.

NEEMA: Asubiri. Daraja likae, nyuzi mpya zizoee, alipige mwezi mzima mbele ya maikrofoni ya kawaida, umbali wa shubiri hivi kutoka kwenye ubao, karibu na daraja. Akiona bado anahitaji pikapu, arudi tuzungumze bei.