Bwawa Lililojengwa Juu ya Jasi

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Leo nimekuja na habari ya Iraki ambayo imeninyima usingizi tangu nianze kuisoma. Kaka Baraka, ukisikia magaidi wameteka bwawa, unawaza nini kwanza?

BARAKA: Baruti. Ukuta umetegwa, unalipuka, maji yanashuka kwa watu.

ZUHURA: Na mimi niliwaza hivyo hivyo. Sasa twende Agosti 2014. Tarehe 7, wapiganaji wa IS, lile kundi linalojiita Dola la Kiislamu, wanaliteka Bwawa la Mosul, kwenye mto Tigris. Ule ambao Biblia inauita Hidekeli.

BARAKA: Enhe, wa Mwanzo.

ZUHURA: Ndio huo. Iraki nzima hakuna bwawa kubwa kulizidi. Ukuta una kimo cha mita 113, unatambaa zaidi ya kilomita 3, na likijaa linashika maji mita za ujazo bilioni 11. Ukishuka na mto unakutana na mji wa Mosul, kisha Tikrit, Samarra, mpaka Baghdad.

BARAKA: Subhana. Wakalitega?

ZUHURA: Ngoja kwanza. Tatizo la bwawa lile liko chini yake. Lilijengwa miaka ya 1980, enzi za Saddam, likaitwa kwa jina lake kabisa, na likakalishwa juu ya mwamba wenye jasi.

BARAKA: Jasi, hii tunayoita jipsamu? Ya kwenye dari?

ZUHURA: Hiyo hiyo. Na jasi inayeyuka kwenye maji. Haiendi haraka kama sukari kwenye chai, lakini maji yakishapata njia, haiachi kuyeyuka. Kwa hiyo chini ya ukuta panafanyika mapango. Tangu bwawa lianze kujazwa, pana mafundi wenye kazi moja tu. Ndani ya ukuta, chini kabisa, limepita handaki. Wanaingia mle, wanatoboa kwenda chini kwenye mwamba, halafu wanasukuma uji wa saruji kwa pampu mpaka shimo likatae kupokea. Wanasogea hatua chache, wanatoboa tena. Pale palipozibwa, maji yanatafuta pa kupenyea kando yake.

BARAKA: Kumbe halijawahi kukamilika.

ZUHURA: Halijawahi! Sasa umeona? Aliyeliteka hakuhitaji baruti hata kidogo. Ilitosha mafundi wasije kazini.

BARAKA: Dah.

ZUHURA: Lilikombolewa baada ya siku kumi na kitu, Peshmerga, yaani wapiganaji wa Kikurdi, pamoja na jeshi la Iraki, ndege za Marekani zikiwasaidia kutoka angani. Lakini kazi ya saruji ilikwisha kusimama, mafundi wametawanyika, na kuirudisha kulichukua muda. Februari 2016 ubalozi wa Marekani kule Baghdad ukatoa onyo: likivunjika, watu kati ya laki 5 na milioni 1.47 waishio kando ya mto huenda wasipone wasipohamishwa mapema.

BARAKA: Hao ni wilaya kadhaa kwetu, dada.

ZUHURA: Na mapema mwaka huo huo wa 2014, kule Falluja kwenye mto Frati, IS walishika lambo, wakafunga milango. Waliokuwa juu wakafurikiwa, wa chini wakakosa maji. Hapo pia hapakulipuliwa kitu.

BARAKA: Unajua unanikumbusha nini? Kenya, Januari 2022. Nchi nzima gizani. Minara ya laini ya Kiambere kwenda Embakasi ilianguka, na serikali ikasema vyuma vyake vilikuwa vimeng'olewa. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya chuma chakavu. Ule haukuwa ugaidi, lakini mwenye nia mbaya akitazama anajifunza kwamba spana inatosha.

ZUHURA: Hilo linaniuma. Tunaweka geti, tunaweka askari mwenye bunduki getini, halafu anayekagua nati hatumjui hata jina.

BARAKA: Mimi nimekulia jirani na pampu ya maji. Palikuwa na mzee mmoja, alikuwa anaweka kiganja kwenye mota kila asubuhi, anasikiliza kama daktari. Alipostaafu hawakuleta mtu. Mwaka haukuisha, tukarudi kwenye ndoo.

ZUHURA: Ndicho ninachosema. Mlinzi wa kwanza wa ile pampu alikuwa yeye.

BARAKA: Na Mosul iliishaje?

ZUHURA: Kampuni ya Italia, Trevi, ilipewa kazi mwaka 2016, na Italia ikapeleka wanajeshi wa kuwalinda. Kitu nilichokipenda ni kwamba waliwafundisha mafundi wa Kiiraki mitambo mipya. Waitaliano walipomaliza mwaka 2019, wenyeji wakaendelea. Jasi haijaondoka pale.

BARAKA: Basi nikigeukia kwetu, Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115. Mzigo wa nchi umeegemea pale. Mimi ningeuliza askari wangapi, ndiyo, ila ningeuliza pia nani anasoma vipimo vya ukuta usiku, na akiugua nani anashika zamu.

ZUHURA: Na analipwa kwa wakati?

BARAKA: Hilo hasa.

ZUHURA: Wasikilizaji, kama wewe ni fundi wa bwawa, wa laini ya umeme, wa mtambo wa maji, tuandikie. Jina tutalificha ukitaka. Tunataka kusikia siku yako ya kazi ilivyo, tangu unapovaa buti.