Upepo wa Dodoma na Ndoo ya Maji

TIMAZI: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo mtasikia randa na nyundo kwa nyuma, mtusamehe. Tunarekodi karakana kwa dada Randa, hapa Chang'ombe ya Dodoma, na vijana wana oda.

RANDA: Milango sita, mwenyewe anaitaka Ijumaa. Waache wafanye kazi. Mimi nataka tuanze na ule ukuta wako.

TIMAZI: Aa, dada! Hata salamu hazijaisha.

RANDA: Zimeisha. Ukuta.

TIMAZI: Haya. Nilikuja hapa kutoka Dar nikiwa na miaka minane kwenye uashi, najiona fundi kweli kweli. Nikapata uzio Nkuhungu. Mwezi wa nane, unajua upepo wa mwezi wa nane. Nashusha timazi, ule uzi wenye chuma wa kupimia kama ukuta umesimama wima, uzi unacheza. Nakishika kile chuma kitulie, nikiachia kinaanza tena. Nikasema, jicho langu halijawahi kuniangusha, twende. Kufika kozi ya nane ya matofali, saidia fundi wangu, kijana wa hapa hapa, akaondoka bila neno. Akarudi na ndoo ya maji, akaitega chini ya timazi, chuma kikazama ndani ya maji bila kugusa kitako wala ubavu wa ndoo. Uzi ukatulia tuli. Maji yanakaba kile kimbembe, basi.

RANDA: Na ukuta?

TIMAZI: Umelala nje, upana wa kidole gumba. Nikabomoa kozi tano. Saruji yangu, siku yangu. Nikamuuliza kijana, kwa nini hukuniambia tangu asubuhi? Akasema, "Fundi, hukuuliza."

RANDA: (anacheka) Na hakukosea. Saidia fundi akimsahihisha fundi mbele ya tajiri, yaani mwenye kazi, jioni hana kibarua.

TIMAZI: Ndiyo maana siku hizi kabla sijashika mwiko nauliza: jamani, hapa kwenu hili mnalifanyaje?

RANDA: Hilo la woga nakubali. Ila tusiwapambe sana mafundi, wapo wanaoficha makusudi. Mimi nilipokuwa najifunza, mzee mmoja alikuwa akifika kwenye kukata maungio ananituma dukani kununua misumari. Kila mara! Nilikuja kushtuka kwamba misumari tunayo boksi zima.

TIMAZI: Anaogopa utamchukulia wateja.

RANDA: Na kweli nimewachukua. Lakini angenifundisha vizuri tungekuwa tunapeana kazi, maana sasa hivi nazikataa nyingine. Tangu serikali ihamie huku, mtu mmoja hawezi kumaliza milango ya mji huu.

TIMAZI: Na treni ya SGR ilivyoanza kuja Dodoma 2024, mafundi wa Dar ndio hao wanashuka na mifuko yao ya vifaa.

RANDA: Waje, ila wakae kwanza waisikilize mbao. Dar unaacha nafasi kwa sababu mlango utavimba na unyevu. Huku unauandaa kwa kusinyaa. Paini inashuka hapa kutoka Mafinga bado mbichi, ukiibeba mkononi unahisi maji. Ukitengeneza mlango wiki hiyo hiyo, ukafunga, mwezi wa tisa mwenye nyumba anakupigia simu: fundi, naona sebule ya jirani.

TIMAZI: Sasa unajuaje mbao imekauka? Kwa macho?

RANDA: Macho yanadanganya, wewe si umeshasema. Nazipanga kivulini, kati ya ubao na ubao naweka vijiti hewa ipite. Kisha kuna kipande kimoja nimekiwekea alama. Kila Jumamosi nakipeleka kwa jirani yangu muuza mahindi, nakipima kwenye mizani yake. Wiki hii kimepungua, wiki ijayo kimepungua. Siku uzito unapoacha kushuka, naanza kukata. Mwanzoni alidhani nimechanganyikiwa, sasa ananiuliza mwenyewe, "Mgonjwa wako anaendeleaje?"

TIMAZI: Na paneli za katikati?

RANDA: Usizitie gundi. Ziache zikae huru kwenye mfereji wa fremu. Mbao lazima isogee, ukiifunga inachanika katik... Wewe! Unagonga nini huko? Hebu lete. Lete hiyo tepu.

TIMAZI: Kuna nini?

RANDA: Kijana alitaka kuikaza ndoano ya tepu ya kupimia kwa nyundo. Wasikilizaji, kile kibati cha mwanzo wa tepu kinachocheza si kibovu. Ukiinasa kwenye ukingo wa ubao na kuvuta, kinatoka kidogo. Ukiisukuma kwenye kona ya ndani, kinaingia. Kinasogea unene wake mwenyewe, ili vipimo viwe sahihi kote kuwili. Ukikigonga kikakaza, upande mmoja utakosea kila siku na hutajua kwa nini.

TIMAZI: Dada, mimi nimeshakaza mbili.

RANDA: (anacheka) Nilijua tu. Haya, twende kwenye zege, ndiko ulikokuwa unataka kunipeleka.

TIMAZI: Zege ndiyo kesi yangu kubwa na mji huu. Watu wanasema "zege limekauka" kama wanasema nguo. Zege halikauki, linaiva. Saruji inashikana kwa kula maji. Upepo wa hapa na jua lake ukiyanyonya mapema, kazi inakufa katikati. Saa chache tu unaona vinyufa vyembamba juu ya jamvi, yaani sakafu ya zege. Sasa saidia fundi naye, ili akoroge kwa urahisi, anaongeza ndoo kwenye mchanganyiko. Hapo unaharibu mara mbili: ndani maji yamezidi, juu hayapo.

RANDA: Kumbe yanatakiwa kinyume.

TIMAZI: Kinyume kabisa. Ndani yawe ya kutosha tu, juu mwagilia. Mwaga alfajiri kabla upepo haujaamka, funika na magunia mabichi, na siku saba yasikauke. Ugomvi ni kwa tajiri. Anaona boza la maji limeingia kiwanjani, na maji ya Dodoma unayajua bei yake, halafu anamkuta fundi anamwagilia sakafu kama bustani ya mchicha! Mmoja alinifungia bomba siku ya pili. Akaenda nazo funguo.

RANDA: Ukafanyaje?

TIMAZI: Nikaazima madumu kwa majirani. Jamvi ni lake, ila likipasuka jina linalotajwa ni langu.

RANDA: Na kesho unamwaga wapi?

TIMAZI: Ihumwa. Saa kumi na moja alfajiri tuko pale.

RANDA: Na boza?

TIMAZI: Nimelilipia kabla ya kokoto.